Kuuza mashine ya mtumba ya kupima faiba: funzo nililopata Timau

Mwezi mmoja uliopita nilisafiri kutoka Mombasa hadi Timau nikiwa nimepakata begi moja kama mtu aliyebeba mayai. Ndani mlikuwa na mashine ya mtumba ya kupima mawasiliano ya kasi yanayopita kwenye faiba. Bei niliyoitaka ilikuwa Sh280,000. Niliiuza, lakini si kwa bei hiyo wala si siku hiyo, na aliyesababisha kuchelewa ni mimi mwenyewe.

Nasimulia haya kwa sababu vijana wengi wa hapa kwetu waliofanya kazi na makandarasi wa faiba wana mashine kama hii zimelala kabatini. Wengine walilipwa kwa mashine baada ya mradi kufa, wengine walinunua mnadani. Kila mara naulizwa, "Mzee, hii naiuzaje?" Zamani jibu langu lilikuwa fupi: iwashe, ipige picha, itangaze. Siku hizi sijibu hivyo tena.

Mashine hizi hupima nini

Intaneti ikiwa ndani ya faiba ni mwangaza unaobadilika mabilioni ya mara kwa sekunde. Mwangaza mkali ni moja, mwangaza hafifu ni sifuri, na kila kimoja huitwa biti. Njia ya gigabiti 10 hupitisha biti bilioni 10 kila sekunde. Hakuna jicho la binadamu linaloweza kufuatilia jambo hilo, kwa hivyo fundi hutegemea kile anachoambiwa na mashine.

Kuna mashine za aina mbili kuu. Ya kwanza ni osiloskopu, inayochora umbo la ishara kwenye skrini. Kwa ishara za kasi, biti nyingi huchorwa zikiwa zimelaliana, ukatokea mchoro unaofanana na jicho. Jicho likiwa wazi, anayepokea hatachanganya moja na sifuri. Likianza kufumba, matatizo yako njiani.

Ya pili, na ndiyo niliyokuwa nayo begini, ni mashine ya kuhesabu makosa. Hutuma mfuatano wa biti inaoujua, hupokea kinachorudi, kisha hulinganisha. Biti iliyotoka ikiwa moja ikarudi ikiwa sifuri huhesabiwa kuwa kosa. Kiwango kinachodaiwa mara nyingi katika kazi za faiba ni kosa lisilozidi 1 katika kila biti trilioni 1.

Hapo ndipo pana hesabu ambayo kila muuzaji anapaswa kuijua. Ili uwe na uhakika wa asilimia 95 kwamba njia imefikia kiwango hicho, lazima upitishe biti trilioni 3 bila kuona kosa hata moja. Kwa gigabiti 10 hilo huchukua sekunde 300, yaani dakika 5. Kwa gigabiti 1 ni dakika 50. Kwa zile laini za zamani za E1, zenye megabiti 2.048 kwa sekunde, ni karibu siku 17. Kwa hivyo mtu akikuambia amepima njia ya gigabiti 1 kwa dakika moja na akaikuta safi, hajakudanganya, ila hajapima.

Kwa nini zimejaa sokoni

Sisi wa Mombasa tuko mlangoni mwa biashara hii. Kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika hapa mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010, na nyingine zimekuja baadaye. Kila kebo iliyotua ilihitaji faiba ya nchi kavu ya kuupeleka mwangaza bara, na kila kilomita ya faiba hiyo ilihitaji kupimwa. Makandarasi walinunua vifaa, miradi ikaisha, vifaa vikabaki.

Jambo la pili ni kwamba teknolojia ilibadilika. Mashine nyingi za wakati ule zilitengenezwa kwa mitambo ya simu: E1, STM-1 ya megabiti 155, STM-16 ya gigabiti 2.5, STM-64 ya gigabiti 10. Leo wateja wengi wanataka Ethaneti. Mashine iliyokuwa na thamani kubwa mno sasa inaweza kukosa mnunuzi kabisa, ingawa ni nzima. Ukiwa nayo, usiiite "ya faiba" ukanyamaza. Sema wazi ni ya mfumo gani.

Hata jina lililoandikwa juu yake hueleza umri. Idara ya vipimo ya Hewlett-Packard ilitengwa mwaka 1999 ikawa Agilent, na mwaka 2014 vifaa hivyo vya elektroniki vikahamia jina la Keysight. Acterna ilinunuliwa na JDSU mwaka 2005, na JDSU nayo ikawa Viavi mwaka 2015. Mnunuzi anayejua historia hiyo akiona nembo ya Acterna hatakubali ukimwambia ni ya "juzi juzi".

Kijana wa Timau

Timau ni mji mdogo wa kaunti ya Meru, kwenye barabara ya kutoka Nanyuki kwenda Meru, upande wa kaskazini wa Mlima Kenya. Uko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Kuna mashamba makubwa ya ngano na shayiri, kuna viazi, na kuna maua yanayokuzwa kwa ajili ya masoko ya ng'ambo. Mteja wangu ni kijana anayejenga faiba huko na kusambaza intaneti kwa mashamba, maduka na nyumba.

Nilipompigia simu kumwambia nitamtumia picha, alikata kauli. "Mzee, picha nimeshachoka nazo. Njoo nayo, niione ikifanya kazi hukuhuku."

Alikuwa na sababu. Mwaka uliotangulia alinunua mashine ya mtumba kwa muuzaji mmoja ambaye hatumtaji. Ilikuwa na skrini safi, betri nzuri, na tundu lililoandikwa 10G. Alipofika kazini, sehemu ya gigabiti 10 haikufunguka. Mashine hizi huuzwa na kiwandani zikiwa na matundu yote, lakini kila uwezo hufunguliwa kwa leseni inayofungwa na nambari ya mashine ile. Tundu lipo, leseni haipo.

Kijana alikuwa amebakisha siku mbili za kukabidhi kazi. Akapima njia kwa gigabiti 1, ikatoka safi, akaandika ripoti. Mwenye kazi alipowasha mitambo yake ya gigabiti 10, makosa yakamiminika. Kiungo kimoja hakikuunganishwa vizuri, na viunganishi viwili vilikuwa vichafu. Kwa kasi ndogo hayo hayakuonekana. Malipo ya mwisho yakazuiwa miezi mitatu, na vibarua aliowatumia kuchimba mtaro wakawa wanakuja mlangoni kwake kila Jumamosi.

Kwa hivyo somo la kwanza kwa muuzaji ni hili: usiuze matundu, uza leseni. Fungua ukurasa wa mashine unaoorodhesha uwezo uliofunguliwa, upige picha pamoja na nambari ya mashine, umpe mnunuzi kabla hajatoa hata shilingi. Kwa osiloskopu, eleza upana wake wa masafa. Ishara ya gigabiti 1 ina mapigo ya msingi ya megahezi 500, na ili umbo lake lionekane vizuri unahitaji karibu mara tano ya hapo, yaani gigahezi 2.5. Ukimuuzia mtu osiloskopu ya megahezi 100 kwa kazi hiyo, umemuuzia kibao cha mapambo.

Iambie mashine uongo

Nilipanda Madaraka Express hadi Nairobi, nikalala, asubuhi nikachukua matatu hadi Nanyuki, na nyingine hadi Timau. Kulikuwa na baridi ya kutafuna masikio. Kijana alinipokea kwa chai ya maziwa na blanketi, akaniachia nusu saa. Si kwa ajili yangu tu. Mashine ya kupima huhitaji kuwashwa na kuachwa karibu dakika 30 ipate joto lake kabla ya kuamini inachosema.

Kisha tukaanza. Nilichomeka waya wa faiba kutoka kwenye tundu la kutuma la mashine hadi tundu lake lenyewe la kupokea, nikapitisha kwenye kipunguza mwangaza. Hapo wengi huharibu. Leza iliyotengenezwa kusafiri makumi ya kilomita, ukiielekeza moja kwa moja kwenye kipokezi kilicho mkono mmoja tu mbele yake, inaweza kukiua. Mashine nyingi za mtumba zina vipokezi vilivyokufa hivyo, na ukiziwasha zinang'aa kama mpya. Kabla ya kuchomeka nilifuta viunganishi. Kiini cha faiba ya masafa marefu kina upana wa mikromita 9 hivi, mara kadhaa nyembamba kuliko unywele. Chembe ya vumbi usiyoiona inatosha kuuziba mwangaza.

Mashine ilikaa dakika 5 kwa gigabiti 10. Makosa: sifuri. Nikatabasamu.

Kijana hakutabasamu. "Hata ile ya kwanza iliniambia sifuri," alisema.

Alikuwa na haki. Mashine inayosema "hakuna kosa" inaweza kuwa inasema kweli, na inaweza kuwa haioni. Dawa yake ni kuiambia uongo. Karibu kila mashine ya aina hii ina kitufe cha kuingiza kosa kwa makusudi kwenye biti zinazotumwa. Nilibonyeza mara 10. Upande wa kupokea ukahesabu 10. Nikamwachia kijana abonyeze mwenyewe bila kunionyesha idadi. Akabonyeza, nikasoma 7. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike.

Hilo ni somo la pili. Muuzaji asiyekubali kosa kuingizwa mbele ya mnunuzi anaficha jambo, au haijui mashine yake. Yote mawili ni sababu ya mnunuzi kuondoka.

Alama ya gundi

Ndipo tukafika kwenye jambo lililonifanya niandike.

Mashine hiyo ina mita ndani yake ya kupima nguvu ya mwangaza. Kijana alitoa mita yake ndogo ya mkononi, tukapima waya uleule kwa zote mbili. Zilitofautiana kwa desibeli 1.5. Kwa asiyezoea, desibeli 3 ni nusu ya mwangaza, na 1.5 ni karibu asilimia 30. Ni tofauti ya njia iliyokubaliwa na njia iliyokataliwa.

Akaigeuza mashine, akapapasa ubavuni. "Mzee, hapa palikuwa na kibandiko. Naona gundi."

Kibandiko kilikuwapo. Kilikuwa kibandiko cha kalibresheni, yaani tarehe ya mwisho ambayo mashine ililinganishwa na kipimo cha kigezo maabarani. Tarehe yenyewe ilikuwa ya 2019. Nilikibandua mwenyewe usiku wa kabla ya safari, kwa kucha na mafuta ya taa kidogo, nikijiambia kwamba kimechakaa na kinaichafua mashine. Ukweli ni kwamba niliona kitanishushia bei.

Mimi nimekulia katika mitaa ambayo kibaba na pishi vilikuwa bado vinatajwa, na pishi lisilojaa lilikuwa fedheha ya ukoo mzima. Nimesoma madrasa. Nimehifadhi Suratul Mutaffifin utotoni, sura inayowaonya wapunjao vipimo. Na bado, mtu mzima mwenye mvi, nilikuwa nimekaa mbele ya kijana wa umri wa mwanangu nikitafuta maneno.

Nilimwambia ukweli. Nilimweleza pia kilichoathirika na kisichoathirika, kwa sababu kukiri bila kueleza hakumsaidii mnunuzi. Kuhesabu makosa ya biti ni kazi ya kulinganisha moja na sifuri. Kazi hiyo tulikuwa tumeithibitisha kwa macho, na miaka kupita haikuipotosha. Kinachohama polepole ni vile vipimo vya kiasi: nguvu ya mwangaza, na saa ya ndani inayoshika mwendo. Kwa hivyo mashine ilifaa kuhesabu makosa, lakini kiwango chake cha mwangaza hakikufaa kuandikwa kwenye ripoti ya mtu yeyote mpaka ipite maabara.

Alinyamaza, akamimina chai nyingine. "Kama ungeniambia kwenye simu," alisema, "ningekuambia upitie maabara kwanza, na bei yako nisingeigusa."

Tulikubaliana hivi. Ningeirudisha mashine Nairobi niipeleke maabara kwa gharama yangu. Angelipa cheti kikitoka. Na bei ikashuka hadi Sh240,000, kwa sababu uaminifu wangu ulikuwa umeshapungua uzito na alitaka kinga kwa miezi sita. Sikubishana. Maabara ilikuta mita inasoma chini, wakairekebisha, wakatoa cheti kinachoonyesha usomaji wa kabla na wa baada. Nikaituma Timau, pesa zikaja jioni ileile.

Ukitafuta maabara, uliza kama ina ithibati ya KENAS chini ya kiwango cha ISO/IEC 17025, na uliza zaidi kama ithibati hiyo inahusu kipimo unachokitaka. Maabara inaweza kuwa hodari wa mizani na joto, lakini haina idhini ya kupima mwangaza wa faiba.

Mambo mengine ya kukamilisha

Hati. Mnunuzi mwenye akili atauliza umeipata wapi. Kama ilikuwa ya kampuni, uwe na barua ya kuuziwa yenye nambari ya mashine. Kama ilitoka taasisi ya serikali, iwe imepitia utaratibu wa kisheria wa kuuza mali ya umma. Mashine hizi huibwa sana kutoka kwenye magari ya mafundi, na ukikamatwa na ya wizi, "niliinunua tu" hakutakuokoa.

Kumbukumbu. Ndani ya mashine mna majina ya wateja wa zamani, ramani za njia zao, pengine hata nywila za mitambo. Futa zote kabla hujaiuza. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, lakini hata bila sheria hiyo si vizuri kuuza siri za watu pamoja na betri.

Maelezo. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inadai kwamba kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Ukiandika "gigabiti 10", iwe gigabiti 10. Neno "mtumba" halikuondolei wajibu huo.

Hali ya hewa. Mashine iliyoishi Mombasa imevuta chumvi na unyevu. Fungua kifuniko cha betri, tazama kama vyuma vina kutu ya kijani. Iliyoishi Timau imevuta vumbi, na hewa nyembamba ya juu hupoza vibaya, kwa hivyo sikiliza feni. Hewa kavu ya huko pia huleta umeme tuli, ule unaokurusha ukigusa kitasa. Osiloskopu za kasi kubwa zina vichwa vinavyokufa kwa mshtuko mmoja tu wa aina hiyo. Sisi tuliozoea unyevu huwa hatukumbuki kuvaa mkanda wa mkononi wa kuupeleka umeme huo ardhini. Na ukishuka na mashine iliyopoa hadi Pwani, usiifungue wala kuiwasha papo hapo. Jasho litatanda ndani yake kama kwenye chupa ya soda. Iache begini usiku mzima.

Nayajua haya ya mwisho kwa sababu sikushuka mikono mitupu. Kijana alinikabidhi ile mashine yake ya kwanza, iliyomletea hasara, nimuuzie huku Pwani. "Iuze kwa bei yake halisi," aliniambia, "si kwa bei niliyonunua mimi."

Iko dukani kwangu sasa. Nimeifunga karatasi kwa uzi, nimeandika kwa mkono: Inapima Ethaneti hadi gigabiti 1 tu. Tundu la 10G halina leseni. Kipokezi kizima, kimejaribiwa kwa makosa ya kuingizwa. Kalibresheni imepitwa na wakati, kibandiko kipo. Watu wawili wamekuja, wakasoma, wakaondoka. Wa tatu, fundi wa Kilifi anayehudumia shule na zahanati ambazo hazihitaji zaidi ya gigabiti 1, ameisoma karatasi mara mbili akaniuliza kama naweza kumwekea hadi mwisho wa mwezi. Nimemwekea.